Kuchimba Dawa kwa Chepe

Aliyetunga msemo wa kuchimba dawa hakuwahi kuchimba chochote. Basi la mkoani linasimama penye vichaka, konda anapaza sauti, "Dakika tano, wa kuchimba dawa!", wanaume wanashika kushoto, wanawake kulia, na kila mtu anarudi kwenye siti yake hana hata chembe ya udongo kwenye kiatu. Mimi nimekua hivyo. Ilibidi nifike Marekani ndipo nikutane na serikali inayotaka uchimbe kweli, kwa chepe: shimo la sentimita 15 hadi 20 kwenda chini, mita 60 kutoka penye maji, na ukimaliza unafukia kama mtu aliyeiba.

Nilichimba. Sina ugomvi na kuchimba. Ugomvi wangu ni nilivyokuwa nimevaa, na nani aliniona.

Yote yalianza na joto. Mama mkwe wangu ni Msambaa wa Lushoto, kule juu ambako mwezi wa saba watu wanatoa moshi mdomoni asubuhi na bado wanaoga. Alikuja Phoenix, Arizona, kumwona mwanawe na mjukuu, na kwa bahati mbaya akatua mwezi wa nane. Phoenix mwezi wa nane si mahali pa kumpokelea mtu unayetaka akuone mkwe mwema. Huu ni mji ambao mwaka 2023 ulikaa siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 na kupita. Mama alitoka mlango wa uwanja wa ndege, akasimama, akarudi ndani. Alidhani kuna injini ya ndege imeelekezwa mlangoni.

Akakaa wiki tatu ndani ya kiyoyozi amejifunika shuka, anatazama nje kama mfungwa. Jioni moja akamwambia mke wangu, kwa ile sauti ya kusemea pembeni ili mlengwa asikie jikoni, "Hivi nchi yote hii kubwa namna hii, hakuna upande wenye hali ya hewa ya watu?"

Mlengwa nikasikia.

Upande huo upo. Ukishika barabara kuu ya kaskazini kama kilomita 230 unafika Flagstaff, mji uliokaa mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, katikati ya misonobari, chini ya milima ambayo kilele chake kinapita mita 3,800. Nikaangalia hoteli za wikendi. Bei ya chumba kimoja kwa usiku mmoja ningemlipia mtoto wa dada yangu pale Mbagala ada ya muhula. Na chumba kimoja hakitoshi, maana mimi na Mama mkwe hatuwezi kulala chumba kimoja hata dunia iwe inaisha. Kwa hiyo viwili. Kwa hiyo mihula miwili.

Kazini napakia na kusambaza vifurushi, na mwenzangu mmoja, Mmarekani wa kule kule milimani, aliposikia nataka kulipia hoteli alinicheka mpaka akaweka boksi chini. "Lala msituni," akasema. "Ni bure."

Akanieleza. Kuuzunguka mji wa Flagstaff kuna msitu wa taifa unaoitwa Coconino, zaidi ya kilomita za mraba 7,000, mali ya serikali kuu, na ukiacha sehemu zilizofungwa kwa vibao, unaingia na gari kwa njia ya vumbi, unaona uwazi ambao wengine wameshalala, unatua hema. Hakuna kulipa, hakuna kuandikisha, hata jina hawaulizi. Siku 14 ndani ya kila siku 30. Masharti ni kwamba hakuna bomba, hakuna choo, hakuna pipa la taka. Ulichokuja nacho unaondoka nacho. Moto unaruhusiwa kama hawajapiga marufuku kwa ukame, na kuni za kuokota zilizokauka chini ni halali kwa moto wako wa pale pale.

Mimi ni mtoto wa Mbagala. Cha bure nakijua: huwa kinaanza bure. Lakini nikasoma kanuni zao mwenyewe mara mbili, na kweli ndivyo zilivyo. Nikanunua hema la watu sita, tochi, na chepe dogo la kukunja.

Sasa nani atamwambia Mama habari za chepe?

Wasiojua ukwe watashangaa kuna shida gani. Shida ni kwamba mimi na mama mkwe wangu, miaka tisa ya ndoa, hatujawahi kutaja mbele ya mwenzake hata neno "bafu". Akiwa sebuleni, mimi nikitaka kwenda haja napitia nje kana kwamba nakwenda kuangalia gari. Leo nimwambie, "Mama, shikamoo, chepe hili hapa"? Nikamwomba mke wangu. Mke wangu akasema safari ni yangu, chepe ni langu. Tukabaki tunatazamana, mpaka Zuhra, miaka saba, aliyekuwa chini anachora, akainua kichwa: "Bibi, huko hakuna choo. Tutachimba shimo kama paka."

Kimya kikapita. Mama akaweka kikombe chini taratibu.

"Yule kijana wa ubalozini pale Dar," akasema bila kumtazama mtu, "aliniuliza nikifika nitalala wapi. Nikamjibu kwa kujiamini: kwa mwanangu, nyumba ya matofali."

Lakini hakukataa. Na Ijumaa mchana, mwezi wa tisa umefika katikati, tulipokuwa tunapakia, niliona ametoa sanduku lake chini ya kitanda na kuvuta sweta zito la sufu ambalo tangu aje lilikuwa halijaona jua.

"Mkwe," akaniambia, "umebeba koti?"

"Mama, huku ni Arizona," nikacheka. Nilikuwa nimevaa bukta na fulana.

Sitaki kuizungumzia sana njia. Barabara inapanda na kupanda, ile mikaktasi, mimea mikubwa ya miiba ya jangwani iliyosimama kama watu walioinua mikono, inabaki nyuma, masikio yanaziba, halafu ghafla misonobari. Mama akafungua dirisha, akavuta pumzi ndefu, akaanza kuzungumza. Wiki tatu nilikuwa sijamsikia akisema sentensi nne mfululizo. Akatutajia miti. "Ule si kama wa Shume? Na ule gome lake limepasuka kama la kule Magamba?" Mwanawe anaitikia, Zuhra anaitikia, na mimi nikaanza kujiona mkwe wa taifa.

Tukapita mji, tukashika barabara inayokwenda upande wa Grand Canyon, tukaingia kushoto kwenye njia ya changarawe. Gari letu ni la mjini, limekaa chini, na kila jiwe lililopita tumboni mwake Mama alilisindikiza kwa "Bismillah". Tukapata uwazi mzuri, una duara la mawe la moto waliloliacha wageni wengine. Mbali kidogo kati ya miti kulikuwa na pikapu moja imeegeshwa, haina mtu. Hapo kimo ni kama mita 2,500. Kumbuka hiyo namba, itaniumiza.

Hema ilinichukua saa moja na dakika kumi. Mama alikaa juu ya gogo akinitazama, na kwa heshima hakusema kitu, ila kila nilipochomeka chuma kwenye tundu lisilo lake alikohoa. Mwishowe alisimama, akasema anakwenda kuokota kuni, na alipoondoka mke wangu akaja kunionyesha karatasi ya maelekezo nilikuwa nimeishika juu chini.

Kuni ndiyo hadithi yenyewe, hebu nitulie hapa kidogo. Mama amekulia kando ya msitu wa serikali. Miaka yote ya utoto wake na ujana wake, kwenda kuokota kuni ilikuwa ni pamoja na kusikiliza kama bwana miti anakuja. Akikukuta na mzigo, unaacha mzigo, na panga, na pengine na kitu kidogo juu. Kwa hiyo mtu huyu, aliyerudi na mzigo wa kuni kavu begani akitembea kama ana miaka 30, aliuweka chini na swali lake la kwanza likawa, "Bwana miti wa hapa anapita saa ngapi?"

"Mama, huku zinaruhusiwa."

"Msitu wa serikali?"

"Wa serikali."

"Tunalala bure, tunaokota kuni bure, na bwana miti hayupo." Akatikisa kichwa akinionea huruma. "Sawa, mkwe."

Kama uchawi, haukupita muda mrefu tukaona gari la Idara ya Misitu linakuja polepole, limebandikwa nembo mlangoni. Akashuka afisa kijana na kofia yake, anatabasamu. Nikageuka kumwambia Mama asiogope, nikakuta mzigo wa kuni haupo. Mama alikuwa amekaa, khanga ameitandaza pande zote kama kuku anayeatamia, uso mtulivu wa mtu asiyejua kuni ni nini. Alikuwa ameongezeka kimo kama nusu mita.

Afisa akatusalimu, akatukumbusha jambo moja: kabla ya kulala tumwagie moto maji, tukoroge majivu, tumwagie tena mpaka mkono uguse pasiwe na joto. Akamwinamia Mama kwa heshima akauliza kama bibi anahitaji kiti, anacho kimoja garini, maana pale alipokaa paonekana panamchoma. Nikatafsiri. Mama akajibu kwa Kiswahili, akitabasamu kwa meno, "Mwambie nimekaa vizuri kuliko alivyokaa yeye kwao." Nikatafsiri kwamba anashukuru.

Afisa akaondoka. Mama akasubiri mpaka mlio wa gari ukapotea.

"Hajachukua kitu?"

"Hajachukua."

"Basi atarudi."

Chakula kilikuwa maharage. Nilitaka mimi. Nilisema safari ya porini bila ugali na maharage ni mandari tu. Mama akainusa sufuria baada ya saa mbili, akauliza kama tumebeba magadi. Hatukubeba. "Huku juu maharage hayaivi haraka," akasema, "hata kwetu ni hivyo." Na mtu wa mlimani alikuwa sahihi: kimo kile maji yanachemka kwenye nyuzi kama 92, hayafiki 100, unaweza kuona povu linaruka na harage linakutazama tu. Saa ya tatu mke wangu akapika ugali, akapasua mayai. Mama na Zuhra wakala mayai. Lakini maharage niliyataka mimi, na Mama alikuwa ananitazama, na mkwe anayeacha chakula alichokiagiza ni mkwe wa namna gani? Nikala sahani mbili. Yalikuwa yanagonga meno kama kokoto.

Giza likaingia. Nyota za pale sitajaribu kuzieleza. Flagstaff wanapunguza mwanga wa taa zao makusudi, ndio mji wa kwanza duniani kutambuliwa kwa kulinda giza la usiku, mwaka 2001. Tulikuwa tumeinamisha vichwa nyuma, Zuhra anatafuta Pluto, tumemwambia iligunduliwa hapo hapo mjini mwaka 1930 na hatukumwambia kwamba haionekani kwa macho, ndipo kitu kikalia.

Kilianza chini kama mlango wa ghala unaosuguliwa, kikapanda, kikapanda, kikawa mluzi wa mwanamke anayeona nyoka, kikakatika. Nywele zangu zilisimama, hata za miguuni.

"Treni," nikasema upesi. Treni za mizigo kweli zinapita Flagstaff mchana na usiku.

Kikalia tena, karibu zaidi, na mwishoni kikatoa kama kikohozi: ehh, ehh, ehh.

"Mkwe," Mama akasema, "treni haivuti pumzi."

Tukamwagia moto maji, tukakoroga, tukamwagia tena. Wanawake watatu wakaingia hemani wakafunga zipu. Mimi, kwa mujibu wa ukwe, nikaingia kulala kwenye gari.

Usiku ule nilijua kwa nini Mama aliuliza habari za koti. Joto lilishuka mpaka nyuzi 3. Bukta na fulana. Nilijikunja siti ya nyuma, nikavaa soksi mikononi, nikapekua buti la gari nikakuta khanga moja ya mke wangu, nyekundu, nikajifunga kwapani mpaka magotini kama mwali. Nyumbani kwangu, chumbani kwangu, ningekuwa sina tatizo. Wanaume wangapi wanalala na khanga za wake zao? Wengi. Ila hakuna hata mmoja aliyeonwa na mkwewe.

Saa kumi na nusu alfajiri, maharage yakaamka.

Aliyewahi kula maharage ambayo hayajaiva sina haja ya kumsimulia, na ambaye hajala asiombe. Nikashika chepe, nikavuta kitasa cha mlango. Sasa, mke wangu, kwa upendo, alikuwa amelifunga gari kwa rimoti kutoka hemani ili mnyama asinifungulie. Gari likifungwa namna hiyo halafu mlango ukafunguliwa kwa ndani, linaamini kuna mwizi. Honi ikalipuka. Taa zikawaka na kuzima, zikawaka na kuzima, nami katikati yake nimefungwa khanga, nimeshika chepe. Kutoka porini yule mpiga mluzi akajibu honi, akidhani ni mwenzake.

"Nani?" sauti ya Mama hemani.

Sikujibu. Ningejibu nini? Nikatimua mbio kwa upande wenye giza zaidi. Nyuma nikasikia mke wangu amepata rimoti na honi ikanyamaza.

Kanuni inasema mita 60. Mimi nilikwenda kama 300, kwa heshima ya ukwe. Ardhi ya pale ni ya volkano, juu majani makavu ya msonobari, chini kokoto, na kila chepe likigonga linalia ngaa! ambayo nilikuwa na hakika inafika mpaka hemani. Sentimita 15 zile ndizo sentimita ndefu kuliko zote nilizowahi kuzipima. Yaliyofuata ni kati yangu na Coconino. Nilifukia vizuri, nikasawazisha, serikali haiwezi kunidai.

Nikasimama. Nikageuka. Nikagundua sijui nimetokea wapi. Misonobari ni kama askari wa gwaride, kila mmoja sawa na mwenzake. Tochi yangu ilikuwa garini, na simu imebaki na asilimia 2, ikaona aibu, ikazimika.

Mluzi ukalia nyuma yangu. Si kule mbali tena. Nyuma yangu, pale, na nikasikia pumzi, na nikasikia mti unakwanguliwa na kitu kigumu. Halafu, Mungu ni shahidi, mluzi mwingine ukajibu mbele yangu. Nilikuwa katikati. Nikachagua yule wa mbele, kwa sababu ya nyuma nilikuwa nimeshamsikia anapumua na wa mbele bado, nikakimbia, matawi yanakatika, khanga inanaswa, chepe linagonga miti.

Kichaka kilichokuwa mbele yangu kikasimama.

"Bwana," kichaka kikasema kwa Kiingereza, kwa upole sana, "tafadhali acha kukimbia."

Miaka ya uchumba nimelala Tanga mara nyingi nikisubiri gari la Lushoto, na jambo moja nililofundishwa ni kwamba majini huanza kwa adabu. Nikatazama chini kama ana kwato. Ana mabuti. Nikatazama juu, nikaona mshale.

Alikuwa mwindaji. Mzee wa miaka 60 na ushee, amevaa nguo za majani majani mwili mzima, amepaka uso matope, ana upinde, na shingoni amening'iniza bomba la plastiki kama la kufulia. Akanieleza akiushusha upinde taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Mwezi wa tisa ni msimu wa elki kutafuta majike. Huyu elki ni paa wa kwao, ila paa wa kilo 300 na kupita, mwenye mapembe kama mti uliopukutika, na mluzi ule ndio wimbo wake wa posa. Mwindaji anaingia porini gizani, anasubiri kupambazuke, analipuliza lile bomba, dume anadhani kuna dume mwenzake, anakuja kwa hasira. Kibali cha kuwinda kinatolewa kwa bahati nasibu, na yeye alikuwa ameomba miaka tisa ndipo jina lake likatoka.

"Leo saa nzima nimemwita," akasema. "Akawa anajibu. Halafu nikasikia honi ya gari, naye akawa bado anajibu. Halafu nikasikia anakuja mbio, matawi yanavunjika, nikasema leo ndiyo siku." Akanitazama kutoka soksi mpaka kwapani. "Ni wewe."

Nikataka kumwambia pole. Kiingereza hakina pole. Kina ile ya kuomba msamaha tu, nikaisema, na hapo hapo ikawa kana kwamba kosa ni langu. Ambalo, ukitafakari, lilikuwa langu.

Akawasha taa nyekundu ya kichwani, akaielekeza kwenye pindo la khanga. "Haya maandishi ni dua?"

Nikainama kusoma. Usiku kucha nilikuwa sijui nimejifunga nini. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Ningeweza kumdanganya. Lakini nilikuwa nimechoka, nikamtafsiria: ingawa ninachokitaka sikipati, sijakata tamaa.

Mzee akanyamaza. Mahali fulani gizani elki wa kweli akakohoa na kwenda zake, tukasikia vishindo vinafifia.

"Miaka tisa," mzee akasema.

Nikamwomba anionyeshe njia. Hata yeye hakuijua kambi yangu ilipo, ila alinusa hewa akasema kuna moshi, tuufuate. Moshi? Moto tulikuwa tumeuzima. Tukaufuata. Kulikuwa kunaanza kupambazuka, ule mwanga wa kijivu unaoonyesha kila kitu unachotaka kuficha, na kati ya miti nikaliona gari, nikaliona hema, nikamwona Mama. Honi ilimwamsha. Akasali, akawasha moto upya, akabandika chai, na sasa alikuwa amesimama na sweta lake, mikono kiunoni, anatazama msitu uliommeza mume wa mwanawe.

Na msitu ukamrudisha: soksi mikononi, khanga kwapani, chepe begani, na nyuma yake mtu wa kijani mwenye silaha.

Hakuna pa kujificha. Nikafanya kitu pekee ambacho mdomo wangu unajua kufanya bila kuuliza kichwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akajibu, maana naye kwake ni hivyo hivyo. Kisha akageukia hema. "Mama Zuhra! Amka! Amka, bwana miti amemkamata mumeo!"

Na kabla sijafungua kinywa, Mama alikuwa amepiga magoti kando ya gogo anavuta kuni alizozisaza usiku, anazibeba kwa mikono miwili, anazipanga miguuni pa mwindaji moja moja. "Baba, hizi hapa zote. Zilikuwa zimejikaukia. Panga hatuna, shoka hatuna, mtazame, ana chepe tu, hata kutumia hajui." Kiswahili kikamwishia, akahamia Kisambaa, ambacho nakisikia kidogo, na kidogo hicho kilikuwa kinasema mimi si mtu mbaya, ni mjinga tu.

"Anasemaje?" mzee akaninong'oneza.

"Anakukaribisha chai."

Mzee akavua kofia, akaketi juu ya gogo. Mke wangu akatoka hemani, akanitazama mimi, akatazama khanga yake, akarudi ndani. Nikasikia anacheka na mto mdomoni. Nikaenda garini kuvaa suruali, na niliporudi mzee alikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi mkono mmoja na andazi mkono mwingine, anatafuna macho yamefumba.

Mama akanivuta pembeni. Sauti ilikuwa ya ushindi.

"Umeona? Nilikwambia atarudi. Sasa anakula."

Ilichukua chungu kizima cha chai kumwelewesha. Alipoelewa hakucheka, alimwonea mzee huruma. Miaka tisa, halafu mkwe wake anaharibu. Mzee akasema hakuna neno, bado ana siku saba za msimu. Akamsimulia Zuhra kwamba elki wa asili wa Arizona waliwindwa wakaisha, hawa wa sasa wazee wao waliletwa kutoka Yellowstone mwaka 1913. "Kumbe nao ni wa kuja," Mama akasema nilipomtafsiria, na akatazama upande ule wa msitu kwa jicho jingine kabisa.

Kisha mzee, kwa aibu, akauliza kama ile khanga inauzwa.

Mke wangu akasema khanga ni doti, huwezi kuvunja doti. Akafikiri kidogo ilikotoka usiku ule, akasema lakini hiyo moja hata hivyo haivai tena. Mama akaikunja mwenyewe mara nne, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili, akakataa pesa. Mzee akaifunga kwenye mkoba wake wa mgongoni, maneno yakitazama nje, akaingia kati ya misonobari. Kwa muda mrefu tuliendelea kuona kitu chekundu kinatembea peke yake.

Tukaondoka alasiri. Taka zetu zote ndani ya gari, na maharage yaliyobaki pia, ambayo Mama alisema tutakwenda kuyamalizia Phoenix kwenye maji yanayochemka kama maji. Barabara ikashuka, masikio yakazibuka, joto likapanda mpaka kipimo cha gari kikaonyesha 41. Mama akavua sweta, akalikunja, akaliweka mapajani.

"Zuhra," akasema. "Zile siku walizotupa pale ni ngapi?"

"Kumi na nne, Bibi."

"Tumetumia ngapi?"

"Moja."

Akahesabu kwa vidole kimya kimya. Nikamwona kwenye kioo.

"Mkwe."

"Naam, Mama."

"Ijumaa unatoka kazini saa ngapi?"